Kikopo cha Nsimire

Tulipokuwa wadogo pale Bagira, mjini Bukavu, akili ya mtoto haikupimwa kwa cheti, ilipimwa kwa matabishi. Nawaeleza vijana tu, maana wenzangu wa rika langu mnajua: matabishi ni kile kidogo ambacho muuzaji alikuongezea baada ya kupima, bila malipo, kwa sababu tu ulikuja kwake na hukwenda kwa mwenzake. Ulitumwa maharagwe, ukarudi na maharagwe pamoja na kiganja kimoja juu yake. Mama yangu alisimama mlangoni, akapapasa mfuko kama daktari anayepapasa tumbo, halafu akauliza: "Na matabishi?" Ukisema hukupewa, jibu lake lilikuwa fupi vilevile: "Basi rudi." Ukarudi, na mvua yako, na matope ya mteremko ule ambao hadi leo unasubiri lami, kwenda kudai kitu ambacho hakuna sheria inayokupa.

Tulicheza mpira wa majani ya migomba uliofungwa kwa kamba. Ukilowa maji ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kwa kichwa alisahau jina lake mpaka jioni. Tulikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, watoto sita kwenye sahani moja, na aliyependa kuongea alilala na njaa. Tulipigwa na wazazi wetu na wazazi wa wenzetu. Mimi niliwahi kupigwa na papa mmoja, baba wa watu nisiyemjua, mpita njia aliyekuja kugundua kwamba amenifananisha na mtoto mwingine. Hakuomba radhi. Mama alimshukuru.

Sambaza zetu zilitoka kwa Nsimire. Alikuwa msichana wa darasa letu, akiishi na bibi yake huko Kasha, na alfajiri, sisi tukiwa bado tunakoroma, yeye alikuwa ameshateremka ziwani na kupanda tena na beseni kichwani. Aliuza nyumba kwa nyumba kwa kikopo kimoja cha bati, kisha akaingia darasani akinuka samaki, kikopo kikiwa mfukoni pamoja na madaftari. Sote tulijua sharti la bibi yake: sambaza zikiisha, shule inaendelea; zikibaki, mtoto naye anabaki nyumbani. Zilikuwa zinaisha kila siku. Mama hakununua kwa mwingine. "Huyu mutoto wa Kasha iko na mukono muzuri," alikuwa akisema, akitazama kile kilima cha matabishi ambacho Nsimire alimwaga juu ya kipimo kwa viganja viwili.

Mimi nilikuwa wa kwanza katika hesabu. Nalisema bila majivuno, kwa kuwa ndilo jambo la mwisho ambalo nimewahi kuwa wa kwanza. Siku moja mwalimu alitufundisha ujazo. Alileta ndoo ya maji na kipimo cha robo lita, akataka mmoja wetu aonyeshe kwa chombo cha nyumbani. Nikamgeukia Nsimire, nikamwomba kikopo chake, ambacho Bagira nzima ilikihesabu kuwa robo lita. Alinipa akitabasamu, kama anavyotoa mtu anayeona kitu chake kimeheshimiwa.

Nilimimina. Robo lita ya mwalimu haikuenea kwenye kikopo. Maji yalipanda, yakafurika, yakatiririka mezani hadi kwenye viatu vya mwalimu. Nikakigeuza kikopo, nikakiinua kitako chake juu darasa zima lione: kilikuwa kimebonyea kuelekea ndani, kimekula nafasi ya samaki kumi hivi. "Anatuibia!" nikasema, kwa sauti ya hakimu. Darasa lililipuka. Bahati, ambaye kila mwezi alikuwa wa pili nyuma yangu, alipiga meza hadi akaumia mkono. Mwalimu alinipa kumi juu ya kumi. Nsimire alichukua kikopo chake, akakipangusa kwa sketi, akakaa.

Kufikia jioni Bagira nzima ilikuwa na habari. Milango ilifungwa, hata wa kwetu. Wiki ile beseni lilipanda kuelekea Kasha likiwa nusu, na wiki iliyofuata kiti chake darasani kilikuwa wazi. Hakurudi tena.

Leo mnamjua nyote. Ndiye yule maman wa kwenye televisheni, anayeketi kwenye kiti kikubwa cha bluu huku vijana wakimweleza miradi yao, na akipenda anaweka fedha zake mwenyewe. Ameshasimulia jinsi alivyoanza kukausha sambaza na kuzipeleka Kamanyola, akirudi na mchele. Jinsi alivyohamia kwenye vitunguu vya Minova, akilala juu ya magunia ndani ya boti. Kisha kinu cha unga, kisha maghala. Vijana humjia na projekti zenye michoro ya rangi na maneno ya Kifaransa ambayo hata mimi, na diploma yangu ukutani, nayatafuta kwenye kamusi. Yeye husikiliza hadi mwisho, halafu huuliza swali moja: "Na matabishi iko wapi?" Vijana hutoa macho. Sasa wanalivaa neno hilo kwenye fulana bila kujua maana yake. Binti yangu Aline alidhani ni jina la kampuni.

Jioni moja, kwenye televisheni hiyo, Nsimire alisimulia habari ya kikopo. Nilikuwa nimekaa na Aline, nikajifanya natafuta miwani.

"Ile kikopo ilibonyea siku nilianguka nayo mu mawe," alisema. "Nilijua. Sikukuwa na ya kununua ingine. Njo maana nilikuwaka naweka matabishi ya mikono mbili, juu mutu asipoteze. Kulikuwa mutoto moja mwenye akili sana. Alipima kikopo. Matabishi hakupima."

Miaka yote hiyo nilijiona mkatili aliyesema kweli. Kumbe hata kweli yenyewe nilikosea. Kilima kile nilikibeba kila asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe, kutoka mlangoni hadi jikoni.

Mwezi uliopita alikuja Bukavu kusikiliza vijana katika ukumbi wa parokia. Aline alikuwa na mradi wa juisi ya marakuja, yaani pasheni, nami nilimsindikiza. Alipomaliza kueleza, Nsimire aliuliza huyu ni mtoto wa nani. Nikasimama.

"Papa, weye ni wa wapi?"

"Wa Bagira, maman."

"Bagira!" Uso wake ukafunguka. "Na umri yako ni yangu. Basi ule mutoto wa kikopo unamujua? Jina yake ilinipotea."

Aline alikuwa bado hajapewa jibu. Alinitazama.

"Ule alikuwa Bahati," nikasema.

Bahati yuko Uvira, anafuga nyuki, hajawahi kumdhuru mtu. "Aah, Bahati," alisema Nsimire taratibu, kama mtu anayeandika jina moyoni. Akatuambia majibu yatatolewa saa kumi.

Nilimwacha Aline pale, nikatoka, nikanunua sambaza ili niwe na sababu ya kutoka. Kijana muuzaji alikuwa na mizani ndogo inayowaka namba. Ilipofika kamili, aliondoa samaki mmoja aliyezidi, mmoja tu, akamrudisha kwenye beseni. Nikamuuliza kuhusu matabishi.

"Ile ya ku fulana? Papa, kilo ni kilo."

Mama yangu ana miaka mingi sasa na macho yake yamepungua, lakini mlangoni bado anasimama. Nilipofika nyumbani alipapasa mfuko.

"Na matabishi?"

"Sikupewa, mama."

"Basi rudi."

Mwanaume mzima, baba wa watoto wanne, mtu anayeitwa mwalimu barabarani, niligeuka na kushuka. Lakini kwa kijana wa mizani sikusimama. Nilipanda hadi ukumbini, mfuko wa sambaza mkononi. Nsimire alikuwa anashuka ngazi kuelekea gari lake.

"Maman, haikuwa Bahati. Ilikuwa mimi."

Pua yake ilinusa mfuko kabla macho hayajaushukia.

"Ile siku walikupa ngapi?"

"Kumi juu ya kumi."

"Na matabishi ulipima?"

"Sikupima."

"Basi tano ni zangu." Akanyoosha kiganja, kama mtu anayedai kweli. Sikuwa na cha kuweka hapo, nikaweka mfuko. Akaufungua, akachota sambaza viganja viwili, akazifunga kwenye kitambaa chake, akanirudishia zilizobaki. "Na juisi ya binti yako iko na sukari mingi. Mwambie apunguze, arudi kesho asubuhi. Mwambie na papa yake arudi. Tutamupigia Bahati simu."

Siku hizi mizani zinapima vizuri kuliko mimi, na hakuna mtoto atakayeaibishwa tena kwa kikopo kilichobonyea. Hilo ni jema. Ila nilipofika nyumbani, Mama aliupapasa mfuko ule ule, akakuta kilo imepungua nusu, nami nacheka peke yangu mlangoni.

"Mutoto huyu," alisema, "nilimutuma matabishi, ameenda kuitoa."