Swichi Iliyolala Chumbani kwa Mama Ploti

Nilikuwa nanyoa ndevu Jumanne asubuhi redio ikisoma matangazo ya vifo. Sikuwa nayasikiliza kwa makini, maana husomwa kila siku na majina ni mengi. Kisha likatajwa jina lake, na mtaa wa Dandora, na kwamba mwili utasafirishwa kwenda kwao magharibi kwa mazishi. Nilijikata kidevu. Huyo, msomaji wangu, alikuwa mwenye nyumba wangu wa zamani, mama ambaye wapangaji wote tulimwita Mama Ploti, na kila nikimkumbuka woga hunijia kabla ya huzuni. Mkali alikuwa, sikatai, lakini woga ninaousema ni wa siku moja ya mvua ambayo sijawahi kuiandika katika safu hii.

Tulihamia kwake vyumba vikiwa havijapigwa plasta. Aliijenga ploti ile polepole, vyumba vikizunguka ua mdogo, chake kikiwa mwisho kabisa, mkabala na lango. Fundi wa stima alipokuja kupanga waya nilikuwepo, kwa sababu chumba changu ndicho kilichoanza kutobolewa. Akapendekeza swichi kuu ikae ukutani karibu na lango, mahali kila mtu ataifikia. Mama Ploti akacheka kicheko kisicho na furaha. "Wewe fundi, mimi nimeona moto ikikula nyumba yangu nikiwa nimesimama hivi, sababu ya pasi ya jirani. Hiyo swichi italala na mimi." Hayo yalimpata zamani, alipokuwa akiishi kwenye vibanda vya mabati, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi swichi ikawekwa chumbani kwake juu ya kitanda, na mlango ukatiwa kufuli kubwa kama ngumi. Soketi nazo akatugawia moja moja kila chumba, tena juu, kimo cha kifua, watoto wasije wakatia vijiti. Fundi akanung'unika kwamba waya wa redio hautafika huko, akajibiwa kwamba anayetaka redio aishike mkononi. Sisi wapangaji hatukubishana na mtu. Tulinunua ekstensheni, tukazining'iniza kutoka juu na kuzilaza sakafuni, maisha yakaendelea.

Ikaja Jumapili moja ya masika. Mama Ploti alikuwa kanisani. Mtaro wa nyuma, ambao haukosi takataka, ukayakataa maji, yakarudi uani na kuingia vyumbani kabla hatujainua hata kiatu. Mke wangu alikuwa kitandani na mtoto wetu mchanga. Nikaurukia mlango wa chuma niufungue, ukaniuma hadi begani na kunitupa nyuma, ukabaki nusu wazi. Papo hapo nikasikia jirani akipiga yowe, "Mlango iko na stima! Musishike mlango!" Chumba cha kona alikaa bwana mmoja aliyezoea kutoka akiacha redio ikiimba, ili wezi wadhani yuko ndani. Siku hiyo pia alikuwa ametoka, redio ikiimba kwaya, na ekstensheni yake ilikuwa sakafuni chini ya maji. Na kitanda chetu kilikuwa cha chuma. Nilipanda juu ya meza ya mbao, nikawa nayatazama maji yakipanda kwenye miguu ya kitanda, nikimsihi mke wangu akae katikati ya godoro, asiguse chuma, shuka lisining'inie. Alikuwa amemkumbatia mtoto kana kwamba anataka kumrudisha tumboni. Sijawahi kuogopa vile, na namwomba Mungu nisiogope vile tena. Swichi ya kuzima stima hiyo ilikuwa upande wa pili wa ua, nyuma ya kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa anaimba tenzi.

Alitokea langoni na kitambaa cha kina mama wa kanisa kichwani, Biblia yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sote tukapaza sauti kutoka vyumbani, "Mama, usikanyage! Maji iko na stima!" Akaganda pale kizingitini. Mwenye kioski cha jirani alikuja mbio na kreti tupu za soda, za plastiki, akawa anazitupa majini moja baada ya nyingine hadi zikafanya njia. Kisha akanyoosha mkono. "Mathe, lete hiyo kifunguo niingie. Mimi niko na gambuti za mpira."

"Hapana," akasema Mama Ploti. "Ni mimi nilifunga. Ni mimi nitafungua."

Alikuwa mama mnene na kreti zilikuwa zikiyumba. Alikwenda akilia waziwazi, akimwita Yesu kwa kila hatua, na ile kwaya ya redioni ikiendelea kuimba. Mlangoni akasita, kwa kuwa kufuli nalo ni chuma. Akaitoa Biblia, akaibana kwapani, akaugeuza ule mfuko upande mkavu na kuuvaa mkononi, kisha akafungua. Chumba chake kilikuwa kimeinuliwa ngazi moja, maji hayajafika. Akaingia tusimwone tena. Kwaya ikakatika katikati ya neno, na hapo ndipo mke wangu alipoanza kulia.

Jumatatu fundi aliitwa. "Weka pale ulisema," Mama Ploti alimwambia, bila kumtazama usoni. Swichi ikahamia langoni, haina kufuli, na kila mpangaji akaonyeshwa jinsi ya kuizima. Mwanzoni watoto walituzimia taa ovyo, naye alifoka kweli kweli, lakini hakuirudisha chumbani.

Tangu siku ile huyaona makufuli kila ninapokwenda: kwenye bomba la maji la ploti, kwenye choo, kwenye simu ya ofisini, kwenye stoo ambayo mkubwa husafiri na ufunguo wake. Wengi wa wanaofunga si watu wabaya. Wamewahi kuungua, wakaapa hawataungua tena, wala hawakuuliza ni nani atakayebaki ndani wao wakiwa wametoka.

Nami sasa najenga, huko nje ya mji. Juzi fundi aliniuliza swichi kuu ikae wapi, nikamjibu haraka, chumbani kwangu, kwa kuwa wezi wa siku hizi huanza kwa kuzima taa. Nilisema hivyo mimi, niliyesimama juu ya meza ile. Jumanne ile ya tangazo, kidevu kikiwa bado kinatoka damu, nilikwenda kumwambia aiweke koridoni, kimo anachokifikia mke wangu, isifungwe. "Na wezi, mzee?" akaniuliza. Nikamwambia bado nawaogopa. Nawe unayejenga, waogope tu wezi, ni haki yako. Lakini kabla hujanunua kufuli, jiulize nani ataizima stima siku ambayo maji yameingia, mtoto wako yuko kitandani, na wewe uko kanisani.