Saruji Butini

Fundi wa Nzuguni huliinamia gari kwanza, salamu baadaye. Ursula alipolalamika kwamba kagari kake kanakunywa mafuta kama lori, na kwamba kwa mtindo huo Kondoa kwa mama yake atakuwa anakwenda Pasaka hadi Pasaka, fundi alikuwa ameshaanza kubonyeza matairi kwa dole gumba la mguu lililochungulia kwenye katambuga. "Upepo hamna, dada." Akachomoa chujio la hewa, akalikung'uta, vumbi likamrudia usoni, akacheka kile kicheko chake chembamba kisichofanana na kifua chake kipana. Akafungua buti. Mlikuwa na mifuko miwili ya saruji ya kujengea kwenye kiwanja chake cha Miyuji, imeganda tangu mvua. "Unatembeza nyumba?" Akaishusha mwenyewe, akiguna, huku akimpa Ursula somo refu la uzito na mafuta.

Alipomaliza akaingia bandani, akarudi amekumbatia maboga, akayapanga butini taratibu kama anayelaza watoto, mpaka gari likainama upya.

"Fundi, na uzito je?"

"Kwa mzazi hakuendwi mikono mitupu," alisema, akifunga buti. "Haya ni ya mama. Hayana uzito."