Mguu wa Kushoto wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule, mama wa miaka hamsini na miwili, aliingia darasa la kucheza baleti akiwa hoi, ameshaamua kuwa leo ndio mwisho wa kuja. Hata bintiye alimcheka: "Mama, kwa magoti hayo?"

Akashika ufito wa ukutani, akanyoosha mguu wa kulia. Vidole vikachongoka vizuri.

"Mama, mguu huu umefundishwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Kwenye cherehani, mwanangu. Miaka thelathini unakanyaga pedeli peke yake."

"Na wa kushoto?"

"Huyo mvivu, kazi yake kukaa tu."

Kesho yake, mgongo ukimuuma, akauweka mguu wa kushoto kwenye pedeli ya cherehani. Mshono ukaenda upogo. Akaguna, akaufumua, akaanza upya kwa mguu uleule.