Mvinyo Mkavu Mbele ya Wakwe

Nakumbuka Jumamosi ile, ukumbini Iringa, nilipovua aproni nikaitupa juu ya meza ya wakwe, karibu kabisa na keki. Ukumbi wote ukanigeukia. Hata MC, ambaye mdomo wake haupumziki, alishusha maiki. Wewe mwanangu ulikuwa na miezi minane, nimekuacha kwa jirani, na maziwa yananilowesha blauzi. Sijazeeka, lakini nisikilize, usije ukarudia ujinga wangu.

Nilikuwa mhudumu. Ilikuwa send-off, sherehe ya kumuaga binti kwao, na baba wa bibi harusi alileta katoni za mvinyo wa mapovu wa Italia. Siyo shampeni tuliyoizoea, ile tamu kama soda. Huu ni mkavu, hauna sukari. Asubuhi alituruhusu kufungua chupa moja tuonje. Mama Atupele, mpishi wetu mkuu, akanipa na dagaa wa Nyasa wa kukaanga. Jamani! Mapovu yanasafisha mafuta mdomoni, unatamani dagaa mwingine. Kwa sambusa, vilevile. Kwa ngozi kavu ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, usiseme. Kisha nikaonja na keki. Kwa utamu wa keki, mvinyo uleule ukawa ndimu tupu.

Nikamfuata msimamizi wetu, Frenki. "Kaka, huu tuutoe na vitafunwa. Wakati wa keki tuwape juisi."

"Umeajiriwa kubeba trei au kufundisha watu kunywa? Shampeni ni ya keki. Nenda kapange glasi."

Nikaenda kupanga glasi. Mwenye mvinyo alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwangu, na sikumwambia kitu. Niliogopa kufukuzwa.

Saa ya keki ikafika. Bibi harusi akapiga magoti, akamlisha mama mkwe wake aliyetoka Uyole, Mbeya, akamnywesha mvinyo. Mama akakunja uso. "Mwe! Kimechacha hiki! Ndivyo mnavyotukaribisha?"

Mzee mmoja wa meza ile, mtu wa ulanzi, pombe ya mianzi, tangu utoto, akanusa glasi. "Hata ulanzi wa juzi una adabu kuliko hiki."

Binti bado amepiga magoti, machozi yanaharibu poda. Na Frenki, bila aibu, ananinyooshea kidole: "Tusameheni wazee wangu, huyu dada aliuacha juani."

Ndipo aproni ikaruka. "Nilikuambia! Asubuhi nilikuambia, Frenki!" Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Akaniambia Jumatatu nisije.

Mama Atupele akanivuta jikoni. "Umemaliza? Hao wataondoka na maneno ya Frenki, siyo yako. Na yule binti ataingia kwa watu na sifa ya kuwanywesha uchafu. Una kidato cha nne, wewe. Tafuta karatasi uandike."

Mwenyewe akabeba sahani ya dagaa mpaka kwa mama mkwe, akamsalimu. "Kamwene mama. Hebu tafuna hawa, halafu onja tena." Mama akatafuna, akanywa. Alinyoosha glasi aongezewe. Lakini Frenki hakufuta kauli yake, na watu wa Uyole wakapanda Coaster yao wakiamini ni mimi.

Mwanangu, ukijua jambo, mwambie mwenye jambo mapema, hata kama bosi amekufunga mdomo. Ukisingiziwa, usitupe aproni, andika. Mungu akupe ulimi usiochelewa na mkono usiotetemeka. Hii ndiyo barua niliyoipeleka Jumatatu kwa mwenye ukumbi, aliyetuajiri mimi na Frenki, nikasubiri mpaka akasaini nakala yangu:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSIMAMIZI

Nalalamika kusingiziwa mbele ya wageni kwamba niliuacha mvinyo juani. Mvinyo haukuharibika. Ulitolewa na keki baada ya mimi kumwonya msimamizi, na Mama Atupele ni shahidi. Nakiri kosa la kutupa aproni, na la kutomwambia mwenye sherehe. Naomba nirudishwe kazini. Pia naomba msimamizi ampigie simu mama mkwe wa Uyole, mbele yako, amwambie ni nani aliyeamuru mvinyo utolewe na keki.