Deheni ya Mashua Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chombo chochote. Nilikuwa seremala kijana kutoka Masasi, niliyefunzwa na misheni kutengeneza madawati na milango. Miaka michache baada ya Uhuru nikapangiwa Mtwara kuwa fundi wa mashua ya idara ya afya. Mashua hiyo iliitwa Zuhura, ya tanga moja, nayo ilikuwa kuukuu. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na waganga Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, ambako wakati wa masika gari halikufika.

Aliyenipokea ni Nahodha Saidi, mtu mfupi wa Mikindani, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Fundi, vua viatu. Ingia ndani, ukae kimya, usikilize."

Niliingia, nikakaa. Baada ya muda nikasikia maji yakichuruzika.

"Inavuja," nilisema.

"Wapi?"

Sikujua.

"Basi kaa humo mpaka ujue. Milango yenu ya Masasi hailali baharini."

Mpenzi msomaji, huenda ukadhani serikali ilikuwa na karakana ya kutengenezea mashua. Haikuwapo. Tulingoja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, tukaisukuma mashua ikielea mpaka juu kabisa ya ufuko. Maji yakishuka tunaitegemeza kwa magadi, zile nguzo za kuizuia isilale ubavu, nayo hubaki pakavu mpaka bamvua nyingine. Katika muda huo tulifanya kila kitu kwa mikono yetu: Nahodha, baharia mmoja aliyeitwa Chande, na mimi.

Kazi kubwa ilikuwa kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao. Unatoa pamba iliyooza kwa chuma kilichopinda ncha. Unasokota pamba mpya, unaichovya mafutani, kisha unaisindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Usisindilie kwa hasira. Ubao mkavu ukirudi baharini hunywa maji na kuvimba. Ukikosa nafasi ya kuvimbia, utasukuma misumari itoke. Mwaka wangu wa kwanza Nahodha alinifanya niitoe pamba ya upande mzima, nianze upya. Ukiwa mwanafunzi wa kazi ukatendewa hivyo, usikate tamaa. Ukirudia ndipo mkono unapojifunza.

Baada ya pamba hufuata deheni. Hii ni shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa, ikachanganywa na chokaa hadi ikawa kama uji mzito. Hupakwa kwa viganja, ingali vuguvugu, sehemu yote inayozama, ili mdudu wa baharini asitoboe mbao.

Nilifanya kazi chini ya maofisa wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa ofisini tu, alitia sahihi maombi yetu ya pamba na misumari, na sidhani kama aliwahi kuiona Zuhura. Wa pili alitoka Songea, nasi tulimwita Bwana Afisa. Huyu alipenda kuja pwani, akakunja suruali, akauliza kila kitu kinaitwaje.

Mwaka wake wa pili, Zuhura ikiwa juu ya magadi, alikuja Mkaguzi wa vyombo kutoka ofisi ya mkoa. Aliizunguka, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Hizi ni kuni," alisema. "Nitarudi baada ya bamvua ijayo. Nikiikuta inaelea na haivuji, itaendelea. Nikiikuta mchangani, naifuta."

Kufutwa maana yake ilikuwa mashua kupasuliwa, Nahodha na Chande kuachishwa kazi, na mimi kurudishwa kwenye madawati. Tukafanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi. Kazi ya pamba ilikwisha vizuri. Deheni ndiyo iliyotutatiza, kwa sababu shahamu ya ng'ombe ilikosekana, buchani Mtwara hata Mikindani.

Bwana Afisa alisikia. Siku moja kabla ya kilele cha bamvua akaja asubuhi na debe la mafuta begani, kalibeba mwenyewe, anatabasamu. Tulishukuru, tukayeyusha, tukatia chokaa, tukaanza kupaka. Hadi adhuhuri tulikuwa tumemaliza ubavu mmoja.

"Mafuta mazuri haya, Bwana Afisa," Nahodha alisema, akiinua kiganja kilichong'aa. "Meupe kama tui. Ng'ombe wa wapi huyu?"

"Ng'ombe?" Bwana Afisa alicheka. "Nguruwe, mzee! Mama watoto ameyakaanga mwenyewe. Kwetu Songea..."

Hakumaliza. Chande alitupa kifuu alichokuwa akichotea, akakimbilia majini na kujisugua mikono kwa mchanga. Nahodha hakukimbia. Alisimama na mikono yake mbali na mwili, kama mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukitua.

"Mzee, nisamehe," Bwana Afisa alisema polepole. "Mimi niliona mafuta tu. Sikuwaza."

"Najua hukuwaza. Ungewaza usingelibeba begani mwako."

"Nitatafuta vibarua Wakristo waimalizie."

"Waimalizie, halafu nani aiendeshe? Na mimi nikiwa safarini niswali wapi, Bwana Afisa? Juu ya nguruwe?"

"Basi Mkaguzi ataifuta."

"Na aifute."

Alisema hivyo, lakini nilimwona macho yake. Mashua ile alikuwa ameiongoza tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Nikajitia ujasiri.

"Nahodha, nguo yako ikiguswa na nguruwe, huitupa?"

"Huoshwa. Mara saba, mara moja kwa udongo."

"Mashua si nguo kubwa tu?"

Alinitazama, akaitazama Zuhura kutoka tezi hadi omo, nyuma hadi mbele. "Fundi," alisema, "umeuona upana wa nguo hiyo?" Kisha akaanza kutembea kwenda kujiosha, na huku nyuma tukamsikia akisema, "Kwanza ikwanguliwe. Mkwangue ninyi wawili, maana ninyi haiwadhuru."

Mimi na Bwana Afisa tulikwangua mpaka jua lilipozama, kwa vipande vya vifuu na maji ya moto ya majivu. Asubuhi tukaanza kuosha wote wanne. Mwosho wa kwanza ulikuwa wa udongo safi uliokorogwa majini. Nahodha alihesabu kwa sauti, na ubao mmoja ukirukwa alirudisha hesabu nyuma bila huruma. Bwana Afisa alikuwa kwenye ndoo, kifua wazi, matope hadi kwenye nyusi.

"Bwana Afisa," Chande alimwambia, "ukimaliza huu wa saba tukutafutie jina jipya?"

"Nitafutie chai kwanza."

Hata Nahodha alicheka. Tangu adhuhuri ya jana alikuwa hajacheka.

Lakini mbao sasa zilikuwa zimelowa, na shahamu halali bado haikupatikana. Nahodha akaamua tupake sifa, yale mafuta ya papa. Hayamzuii mdudu kwa muda mrefu, ila yangetufikisha bamvua nyingine. Chande alikwenda kuyaomba kwa wavuvi. Sisi tukawasha makuti makavu, tukapitisha ndimi za moto chini ya mashua, taratibu, tukikausha ubao mmoja baada ya mwingine. Sifa ilinuka hadi machozi yakatutoka. Tulipofika ubao wa mwisho maji yalikuwa magotini, na Nahodha alikuwa ameanza kugonga magadi yaondoke.

Zuhura ilitikisika, ikakwama. Tukaegemea ubavu uleule tuliouosha, mabega manne. Nahodha alikuwa karibu nami, shavu lake limegusa ubao. Hapo nikajua kwamba kwake imetakata kweli. Wimbi likaja, mkuku, ule uti wa chini ya mashua, ukaachia mchanga.

Mkaguzi aliporudi alifunua mbao za sakafuni, akatia mkono chini. Palikuwa na unyevu tu. "Mnanuka," alisema. "Iendelee."

Iliendelea hadi karibu na katikati ya miaka ya sabini, ilipoletwa boti ya injini. Sina la kuilaumu boti hiyo. Iliwafikisha wagonjwa haraka. Zuhura ilipasuliwa. Nahodha alirudi Mikindani, akafariki miaka si mingi baadaye, na Bwana Afisa aliyekwisha hamishwa alituma salamu za rambirambi. Chande alikwenda pwani za kaskazini, sikupata habari zake tena. Mimi nilipelekwa Naliendele kutengeneza rafu na madirisha, na huko ndiko nilikostaafu.

Sasa naishi Magomeni, hapahapa Mtwara. Vijana wenye mashua kuukuu huniuliza pamba isindiliwe kiasi gani, nami hueleza kwa furaha, kwani jambo hilo hufundishika. Siku nyingine, wakishaondoka, natoa patasi zangu na kuzipaka mafuta zisipate kutu. Zote zipo, hata nyundo ya mti. Ningeweza kuanza kazi kesho asubuhi, kama wangekuwapo watatu wa kuanza nao.