Maziko ya Mama Mkubwa kwenye simu

Jioni hii mwanangu amekata maziko.

Ngoja niwaeleze.

Mama alitoka Korogwe akaja kukaa nasi hapa Granville, ughaibuni, anisaidie kumlea Eliya nikiwa kazini. Juzi dada yake mkubwa alifariki. Kuwahi maziko haikuwezekana.

Basi leo binamu yangu akapiga video kutoka makaburini. Mama akaketi sebuleni na kanga yake, simu mkononi.

Eliya akaanza kulia. Nikambeba, akanikataa. Siku hizi ananyamaza kwa bibi yake tu.

Mama akampakata huku anatazama.

Jeneza lilipoanza kushushwa, kidole cha mtoto kikagusa kitufe chekundu.

Simu ikakatika.

Tulipompata binamu tena, watu walikuwa wanaweka mashada.

Nikanyoosha mkono nimchukue mtoto, nimgombeze. Mama akamkumbatia.

"Mwache, mwanangu. Si ndiye niliyemfuata huku?"

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu juzi, uso wake kwenye nywele za mjukuu.

Mimi niko jikoni, nashindwa kurudi sebuleni.

Nyie mliowaleta mama zenu huku, siku kama hii huwa mnawaambia nini?