Taji la Miiba la Kaburini kwa Baba

Mama alipohama Mwimbi kuja kuishi kwangu Malangali, alibeba mablanketi, rozari na kopo la rangi lililopandwa ua la taji la miiba. Tawi alilikata mwenyewe kwenye kaburi la baba. Macho yake yana ukungu siku hizi, kwa hiyo kila asubuhi hulipapasa, humsalimia baba kwa Kifipa na kumpa habari za nyumbani. Maua mekundu anasimuliwa tu.

Kulimwagilia ni kazi yangu. Baridi ya Julai ilipotukamata, nililionea huruma. Mimi mwenyewe siogi bila maji ya moto, nikaona nalo lisipewe ya baridi. Kila asubuhi nilichota kikombe kwenye maji ya kuoga ya mama, nikalimiminia, tena nikijiona mtu mwema kweli. Siku moja nikalishika shina, likabonyea kama ndizi iliyoiva mno. Lilikuwa limeoza lote, hakikubaki hata kijiti cha kupanda upya. Jirani akaniambia mmea ule wakati wa baridi hautaki maji kabisa. Na kule kaburini hakukuwa na jingine, moto wa mashamba ulishapita.

Ningesema siku ile ile. Niliogopa. Nikaomba kwa jirani tawi la ua kama lile, nikalichomeka kwenye kopo lile lile. Asubuhi mama akapapasa, akasema baba amekonda. Kisha akaendelea na habari zake. Nilikimbilia jikoni kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Jumuiya ikisali kwetu, akina mama hunisifu kwa kumtunza mama pamoja na ua lake. Mmoja alimwambia mkwewe ajifunze kwangu. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili iliyopita dada yangu mkubwa alikuja kutoka Kasesya. Alikuwa hajaja kutuona tangu mazishi ya baba. Mama akaniita.

“Mkatie dada yako tawi,” akasema. “Baba asikae kwangu tu, na huyu ni mtoto wake.”

Dada akaanza kulia. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikachukua kisu, nikakata, utomvu mweupe ukanichuruzikia vidoleni. Dada akalifunga tawi kwenye kanga.

Niliwasindikiza, yeye na tawi lake, hadi stendi. Alipokaa kwenye kiti cha basi alilipakata, akaanza kumwomba baba msamaha.